Unaenda Sena kununua omena? Panga keshi kabla ya boti

Ukitoka Kitale au Bungoma kufuata omena kisiwani Mfangano, gari utaliacha Mbita, upande boti hadi Sena. Ni soko dogo, na mawakala si wengi kama wa Bungoma mjini. Wakala hukupa keshi aliyo nayo mkononi, hata salio lako liwe kubwa namna gani. Wanunuzi wakitoa nyingi asubuhi, inaisha, na ya kuongeza lazima ivuke ziwa. Wewe umesimama hapo, omena imeshapimwa kwa gorogoro, na boti ya kurudi haikungoji.

Basi toa Mbita kiasi cha nauli, chakula na mbeba mizigo. Pesa za omena ziache kwenye simu, umlipe mama muuzaji moja kwa moja. Mkubaliane mapema nani atabeba gharama ya kutoa, maana yeye akienda kutoa atakatwa, na ataona umempunja. Kabla ya kuweka PIN, hakikisha nambari ni yake, hata kama watu wanasukumana nyuma yako.

Kama wewe ndiwe unauza, tuseme umepeleka maharagwe, usiachilie gunia kwa sababu mnunuzi amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe hutungwa. Angalia salio lako mwenyewe.

Halafu tazama mwezi kabla ya kufunga safari. Omena huvuliwa usiku kwa taa; mwezi ukiwa mpevu huwa kidogo na bei hupanda, kwa hivyo ongeza kitu kwenye salio.