Mwananchi Hajui, au Mtafiti Hakuuliza?

Miongoni mwa kazi ninazozifanya chuoni ambazo hazimo katika barua yangu ya ajira, ipo ile ya kusahihisha Kiswahili cha hojaji. Ukifika msimu wa utafiti, wanafunzi wa afya ya jamii huja kwangu, mimi mwalimu wa isimu, kila mmoja na kurasa zake nne au tano, wakiomba niwatazamie tafsiri kwa kuwa kesho wanaondoka kwenda nyanjani. Kesho! Mtu amebishana na msimamizi wake miezi sita kuhusu ukubwa wa sampuli na kanuni za takwimu, lakini lugha atakayoitumia kumwuliza mama wa watu habari za mwanawe imetengewa jioni moja tu, na jioni yenyewe si yake.

Sizinung'unikii jioni hizo, maana zimenipa fursa ya kuona jambo ambalo wengi hawalioni. Utafiti wa aina hii huwa na mada zinazofanana: kiwango cha ufahamu wa wakazi wa mahali fulani kuhusu malaria, au kisukari, au shinikizo la damu, au chanjo ya watoto. Hitimisho lake nalo aghalabu huwa moja: ufahamu ni wa chini, kwa hivyo elimu zaidi itolewe. Nimezisoma tasnifu hizi nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika sura ya mwisho kabla mwanafunzi hajapanda gari. Linalonikera ni hili: je, huyo mwananchi hakujua, au hakuulizwa kwa lugha iliyomfikia?

Chukua neno "homa", ambalo halikosekani katika hojaji yoyote ya malaria. Kwa mzaliwa wa Mombasa au Lamu, homa ni joto la mwili lililopanda, na mara nyingi hukusudiwa malaria yenyewe. Kwa wakazi wengi wa Nairobi au Nyeri, mwenye homa ni yule anayepiga chafya na kupenga kamasi, yaani mwenye maradhi ambayo Pwani huitwa mafua. Sasa mwanafunzi aliyelelewa Nyeri anapomwuliza mama wa Msambweni iwapo mwanawe amepata homa katika majuma mawili yaliyopita, wote wawili huamini kwamba wameelewana. Swali lenyewe si baya. Limeazimwa kutoka katika tafiti kubwa za kitaifa za idadi ya watu na afya, ambazo zimekuwa zikifanywa nchini tangu mwaka 1989. Lakini tafiti hizo hutafuta wahoji wanaoijua lugha ya mahali, huwapa mafunzo, na hulijaribu swali kabla ya kulipeleka kwa maelfu ya watu. Mwanafunzi wetu ameazima swali akayaacha matayarisho.

Au tuseme maji. "Je, mnakunywa maji safi?" Ni nani atakayejibu la mbele ya mgeni aliyeshika kalamu? Fauka ya hayo, maji safi katika Kiswahili cha kila siku ni maji maangavu, yasiyo na tope wala takataka. Maji ya kisima yaweza kung'aa kama kioo na ndani yake mkawa na viini vya kipindupindu. Neno lililohitajika ni "salama", na hata hilo peke yake halitoshi. Afadhali kuuliza maji yametekwa wapi, yamechemshwa au yametiwa dawa, na yamewekwa katika chombo gani. Na kuchanja je? Kabla ya sindano kutufikia, kuchanja kulikuwa ni kuipasua ngozi kwa wembe ili dawa ya mganga ipenye, na maana hiyo haijafa. Mzee akikwambia kwamba wajukuu zake wote wamechanjwa, mwulize taratibu wamechanjwa na nani.

Lakini hakuna neno lililonifunza mengi kuliko degedege. Kwa daktari, mtoto mwenye joto kali anayekakamaa, akageuza macho na kutupatupa viungo, huenda ana malaria kali iliyofika ubongoni, na saa chache zijazo ndizo zitakazoamua uhai wake. Kwa wazee wengi wa Pwani, kuanzia kwetu hadi Tanzania, hiyo si malaria asilani. Lugha yenyewe imeihifadhi fikra hiyo. Degedege lina ndege ndani yake, na jina lake jingine, nyuni, ni neno la kale lenye maana hiyo hiyo ya ndege: ndege wa kishetani ambaye humpitia mtoto akamwachia maradhi. Watafiti wa afya wameyaandika haya mara nyingi, pamoja na hofu inayoandamana nayo, kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa, kwa hivyo apelekwe kwa mganga kwanza, na hospitali ije baadaye.

Sasa itazame hojaji. "Je, unajua kwamba malaria husababisha degedege? Ndiyo au la." Mama anajibu la, naye mwanafunzi anatia alama kwamba hana ufahamu. Mama huyu huyu, ukimpa nafasi ya kuzungumza, atakueleza kwamba malaria huletwa na mbu, kwamba chandarua kilichotiwa dawa ni bora kuliko kisichotiwa, na kwamba vidonge humalizwa hata mgonjwa akipata nafuu. Ujuzi anao, tena si haba. Anapotofautiana na daktari ni kwenye mpaka tu: yeye ameona magonjwa mawili pale daktari anapoona moja. Ukimletea bango jingine lililoandikwa "Malaria Huua", atalikubali kwa moyo wake wote. Na usiku mwanawe akianza kukakamaa hatalikumbuka hata kidogo, kwa kuwa bango halikumtaja ndege. Hapo ndipo mtoto anapopotea, katikati ya maneno mawili ambayo mtafiti hakujua kwamba ni mawili.

Mwanafunzi mmoja, binti mzaliwa wa Kilifi, alikataa swali hilo mbele yangu. Alilifuta akaandika jingine: "Mtoto akishikwa na degedege usiku, wa kwanza kuitwa ni nani, na kwa nini awe yeye?" Msimamizi wake alinung'unika kwamba majibu ya swali kama hilo hayaingii katika jedwali. Binti akaenda nalo hivyo hivyo, akayaandika majibu kwa Kigiriama kama yalivyotamkwa, na tafsiri chini yake. Wakati wa kutahiniwa aliambiwa kwamba data zake si nadhifu. Yamkini hazikuwa nadhifu, lakini kama ningekuwa muuguzi katika zahanati ya kijijini ningezitaka kurasa hizo kabla ya jedwali lolote, maana mlikuwamo nyanya, mlikuwamo fundi wa dawa za miti shamba, mlikuwamo pikipiki isiyopatikana usiku na shilingi zisizokuwapo. Kutojua ni sababu moja tu ya mtu kutokwenda hospitali, wala sidhani kwamba ndiyo kubwa.

Labda tatizo limo katika neno tunalolipenda mno, "kuhamasisha". Kila mradi wa afya huhamasisha. Hamasa ni mori, ni ule moto wa moyoni uwatiao watu ari ya kwenda vitani. Na anayemhamasisha mwenziwe amekwisha kuamua kwamba mwenziwe amezubaa. Hatuna budi kujiuliza kama kweli watu wamezubaa. Katika janga la korona, ambalo mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, tuliambiwa kwamba wananchi waliogopa karantini kwa ujinga. Lakini mwaka huo huo baadhi ya waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini, na watu wakaanza kulinusa neno hilo kama walinusavyo jela. Wananchi walikuwa wamelielewa vizuri sana, kwa maana ambayo serikali yenyewe ilikuwa imewafundisha kwa vitendo.

Wala sidai kwamba Kiswahili sanifu ndicho tiba ya kila kitu. Kiswahili changu cha darasani chaweza kumkwaza mama wa Turkana au wa Mandera sawasawa na Kiingereza. Kijana wa Mathare naye huenda akamwamini zaidi mtu amwulizaye kwa Sheng, jambo ambalo baadhi ya wenzangu wa Idara hawatanisamehe kwa kulisema. Ninachodai ni kwamba lugha ya swali ni sehemu ya kipimo. Hakuna mwanafunzi wa afya atakayekwenda kupima presha kwa mashine ambayo hakuijaribu, lakini tunamruhusu aende kupima akili za watu kwa maneno ambayo hakuyajaribu hata kwa jirani yake.

Wenzangu wa kitivo cha afya hunijibu kwamba muda hautoshi. Huwaambia kwamba muda unaohitajika ni majuma mawili. Juma la kwanza mtu mmoja aitafsiri hojaji, kisha wa pili, ambaye hakuiona asili, airudishe katika Kiingereza, na zile mbili zilinganishwe, nakuhakikishia zitatofautiana. Juma la pili ijaribiwe kwa watu kumi wa mahali penyewe, si kwa kuwauliza majibu yao tu, bali kwa kuwauliza walilielewaje swali. Kamati za maadili zimekwisha kushikilia kwamba fomu ya ridhaa iwe katika lugha anayoielewa mhojiwa, na ni vyema. Ila ni ajabu kumwomba mtu idhini kwa lugha yake kisha kumhoji kwa lugha iliyotafsiriwa garini.

Kisha yapo yanayofuata baada ya utafiti, nayo yanasikitisha zaidi. Wanakijiji wameacha mashamba yao, wamejibu maswali saa nzima, wengine wameeleza habari za vifo vya watoto wao. Kinachotokana na hayo ni tasnifu ya Kiingereza inayokaa rafuni. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 yatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini chuoni hakuna anayemwuliza mwanafunzi wa afya amewarudishia nini waliomlisha maarifa. Nimewahi kusikia mzee akiuliza katika baraza la chifu, "Wale wa mwaka juzi walituandika. Walipata nini?" Hakuna aliyemjibu, mimi nikiwamo, kwa sababu hatukujua wale wa mwaka juzi walikuwa kina nani.

Na msikilizaji wa matokeo hayo yupo. Tangu Mkakati wa Afya ya Jamii wa mwaka 2006, serikali imekuwa ikiwategemea watu wa vijijini wapitao nyumba kwa nyumba, na mwezi wa Septemba 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi, wakapewa mikoba ya vifaa vya kupimia joto, presha na sukari. Hawa ndio wanaobisha hodi kwa yule mama wa degedege. Mwanafunzi aliyegundua ni maneno gani yanayomfikia mama huyo na ni yapi yanayompita ana kitu ambacho hakimo katika mkoba huo. Lakini mhudumu huyo hataisoma tasnifu ya kurasa 80, wala hakuna aliyemwonyesha mahali ilipo.

Nimependekeza katika mikutano ya chuo kwamba mwanafunzi yeyote wa afya ya jamii asiidhinishwe kuhitimu kabla ya kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mahali alipofanyia utafiti, na kuusoma mbele ya watu wale wale katika baraza au zahanati yao, mhudumu wa afya akiwapo, na watu wakiruhusiwa kumsahihisha. Nimejibiwa kwamba jambo hilo litawagharimu wanafunzi. Ni kweli, nauli ni nauli. Ila chuo hicho hicho humdai mwanafunzi nakala kadhaa za tasnifu zilizojalidiwa kwa jalada gumu, jina na mwaka vikiwa vimepigwa kwa rangi ya dhahabu, na sijawahi kusikia mtu yeyote akisamehewa gharama hiyo.