Papa kubwa ya zamani: ingali inaishi chini ya bahari?

Toka Kambove mupaka ku bahari, njia ni ndefu. Ukienda upande wa Muanda, unavuka inchi yote. Ukifuata makamiyo ya shaba, unapita Kasumbalesa, unavuka Zambia na Tanzania, siku juu ya siku, ndipo unaona maji ya chumvi ku Dar es Salaam. Watu wengi wa hapa hawajaona bahari hata mara moja. Lakini Jumamosi moja, mahali vijana wanashajisha telefoni, tulikuta mabishano ya nguvu juu ya samaki ya bahari.

Kijana mumoja, mwenye kutumika ku kariere, alikuwa anaonyesha wenzake video. Mu video mulikuwa kivuli ya samaki inapita chini ya mutumbwi, na kivuli ile ilikuwa ndefu kupita mutumbwi wenyewe. «Munaona? Megalodoni iko! Banatuficha tu.» Mwalimu mumoja, mwenye alikuwa anangojea telefoni yake, akamujibu pole pole: «Mwanangu, ile samaki ilisha kufa zamani sana, mbele mutu wa kwanza azaliwe.» Kijana hakushindwa: «Mwalimu, hata ile yenye banaita selakanti, bazungu balisema ilisha kufa. Kisha balikuja kuikamata nzima! Sasa weye unajua nini iko kule chini kabisa?»

Watu wakacheka, mwalimu akanyamaza. Sisi tukaona kijana aliuliza ulizo ya maana, na ulizo ya maana inaomba jibu ya maana. Tukawaahidi kuileta mu ukurasa huu.

Kwanza, neno moja juu ya jina. Samaki yenye Wafaransa wanaita requin, ndugu zetu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa wanaiita papa. Huku kwetu papa ni baba mwenye nyumba. Musomaji asishangae basi: mu habari hii, papa ni samaki.

Megalodoni ilikuwa papa ya kweli, si hadisi. Iliishi mu bahari za joto za dunia kwa muda wa miaka milioni nyingi. Jino lake moja linaweza kupita sentimita 17, linajaza kiganja cha mutu muzima na kubakia. Mifupa yake ilikuwa laini, kama ile ya sikio letu, kwa hiyo ilioza. Kilichobaki ni meno na vipande vichache vya uti wa mugongo. Kwa kupima vile, wenye elimu wengi wanahesabu mwili wake ulifika mita 15 mupaka 20, na wengine wanapandisha zaidi. Papa nyeupe ya leo, yenye kuogopesha watu mu filme, inafika karibu mita 6 tu. Megalodoni ilikula nyangumi: mifupa ya nyangumi wa zamani ingali na alama za meno yake. Alama zake za mwisho ziko mu mawe ya miaka karibu milioni 3 na nusu iliyopita.

Sasa tugeukie selakanti, juu pale kijana alisema kweli. Wenye elimu waliijua paka mu mawe, na mawe ya mwisho yenye kuionyesha yalikuwa ya miaka milioni 66. Wakafunga kitabu. Kisha, tarehe 22 Desemba 1938, ku muji wa East London, Afrika ya Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mulinzi wa musée ndogo ya pale, akaona mu samaki za meli ya wavuvi samaki moja ya rangi ya buluu, ndefu mita moja na nusu, mapezi yake kama miguu mifupi. Alimwandikia mwalimu J.L.B. Smith, na huyu akaitambua. Smith akatafuta ya pili kwa miaka 14. Alitawanya matangazo ku pwani mu luga tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi pauni 100. Mu Desemba 1952 ikapatikana ku kisiwa cha Anjouan, mu Komoro.

Na pale Komoro njo somo ilipo. Wavuvi wa kule hawakushangaa. Kumbe waliijua tangu zamani. Walikuwa wanaivuta mara moja moja mu ndoano zao za usiku, walijua nyama yake haiko muzuri, na walikuwa na jina yake: gombessa. Samaki ile haikufichama kwa watu. Ilifichama kwa wale wasiouliza watu.

Sisi Wakongomani tunajua jambo hili kupita wengine. Okapi iliingia mu vitabu vya Ulaya mu 1901, lakini Wambuti wa Ituri walikuwa wanaiwinda tangu mababu. Karibuni zaidi, mu 2012, wenye elimu walitangaza nyani mupya wa pori ya Lomami. Jina yake ni lesula, na jina hiyo haikutungwa mu laboratware: njo vile wenyeji walikuwa wanamuita. Kila mara dunia inasema «mupya», huku kijiji kinasema «ah, yule?»

Tufanye basi jaribio lile lile kwa papa kubwa. Ku pwani ya Waswahili, kutoka Lamu mupaka Kilwa, wavuvi wana jina kwa papa wa kila namna. Hata ile samaki kubwa kupita samaki zote za leo, yenye inaweza kupita mita 12, wana jina yake: ku Kenya wanaiita papa shilingi, juu ya madoa meupe ku mugongo wake kama feza zilizotawanywa, ku kisiwa cha Mafia wanaiita potwe. Inakula vidudu vidogo vya maji, haimufanyi mutu kitu. Ku Tanga, nyavu za jarife, zenye wavuvi wanatega mu maji marefu kwa kukamata papa, zimepandisha selakanti nyingi, mupaka serikali ya Tanzania ikaweka mu 2009 hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nyavu za papa zilileta samaki ya miaka milioni 66. Papa ya mita 15 haikuleta hata jino moja bichi.

Tunasikia kijana anatujibu: «Wavuvi habafiki chini kabisa!» Ni kweli. Basi tushuke.

Papa haiko na meno ya kudumu kama yetu. Meno yake yanaanguka na kuota tena maisha yake yote, maelfu na maelfu. Selakanti inaishi mu mapango ya majabali, mu kina cha mita 100 mupaka 300, pale mifupa inapotea bila kugeuka jiwe kwa urahisi. Kwa hiyo iliweza kukosekana mu mawe. Lakini megalodoni ilikuwa inapanda meno yake ku chini ya bahari kama mutu anapanda mahindi. Tunayapata Amerika, Ulaya, Afrika, Japani. Mu mawe yenye umri chini ya milioni 3, yanakatika. Mufugaji akiona mavi ya ngombe yamekauka yote na hakuna mabichi, anajua ngombe zilisha kuondoka.

Kuna meno yaliyoleta fujo. Meli ya Waingereza, Challenger, ilizunguka dunia toka 1872 mupaka 1876 kwa kuchunguza bahari. Ku chini ya Pasifiki ilipandisha meno ya megalodoni yaliyovikwa ganda nyeusi ya manganezi. Mu 1959 mutu mumoja alipima unene wa ganda ile, akahesabu meno yana miaka 24.000 na 11.000 tu. Mupaka leo hesabu ile inatembea mu video. Lakini ilikosea. Ganda ya manganezi inakua polepole sana, milimita chache kwa miaka milioni moja, tena haikui sawasawa: inaweza kusimama, inaweza kuanza nyuma ya muda murefu. Haiwezi kutumika kama saa.

Hapa watu wa Kambove wasikie vizuri. Manganezi ile haiko peke yake. Ku chini ya Pasifiki, mu kina cha mita 4.000 mupaka 6.000, kuna vibonge vyeusi, kama viazi vilivyotawanywa. Ndani yake muko manganezi, nikeli, shaba na kobalti. Kila kibonge kilianza kwa kushika kitu kidogo: kipande cha jiwe, ao jino la papa. Makampuni yanataka kuvipandisha. Mamlaka ya kimataifa ya chini ya bahari, yenye makao ku Kingston, Jamaika, inabishana tangu miaka juu ya sheria ya kazi ile. Kobalti ile ikitoka, itafika ku soko moja na kobalti ya Katanga. Kule chini kabisa kwenye kijana alituuliza, kunagusa muko wake wa kesho.

Na kwa sababu ya feza ile, mashini zenye kamera zimeshuka kule mara nyingi. Zimeona nini? Giza, baridi karibu na ya barafu, na njaa. Chakula ni mabaki yanayoanguka toka juu, kama vumbi. Papa wa leo ni wachache sana wanaopita mita 3.000, juu chakula hakiwatoshi, hata wale wadogo. Megalodoni ilikuwa na mwili wa joto na tumbo ya kumeza nyangumi. Kuiweka kule ni kama kuweka kamiyo ya tani 40 mu kijiji chenye kuuza mazutu kwa kikombe.

Itapanda juu kula? Basi nyangumi watakuwa na vidonda vyake, na maiti zao zinazotupwa ku pwani zitakuwa na alama za meno makubwa kama kiganja. Hakuna.

Kijana alikuwa na neno ingine: papa mudomo-mukubwa, yenye ilijulikana mara ya kwanza mu 1976, iliponaswa ku Hawaii na meli ya jeshi ya Marekani. Ilikuwa zaidi ya mita 4, na hakuna kitabu kiliandika juu yake. Ni kweli, na inatufundisha unyenyekevu. Lakini tangu siku ile zimepatikana zingine zaidi ya mia. Mara moja tu ilitosha kufungua mulango. Tena ni samaki mupole, inakula vidudu. Kitu kikubwa kinaweza kuchelewa kuonekana. Hakiwezi kukaa miaka milioni 3 bila kuacha hata alama moja.

Jibu yetu basi ni hii: megalodoni ilisha kufa. Tunaisema bila kucheka mutu. Mu nyumba nyingi za Katanga palitundikwa picha ya Mamba Muntu, na hakuna aliyeomba iondolewe juu haiko mu vitabu vya samaki. Hadisi ina kazi yake. Mubaya ni mutu anayechukua kivuli, anakiuzia watoto kama ushahidi, na kuwafundisha kwamba kila anayesema «onyesha» ni mwenye kuficha.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Wakati tunatafuta papa iliyokufa, papa zinazoishi zinaisha. Toka 1970 mupaka 2018, papa na jamaa zao wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71, sababu kubwa ni uvuvi wa kupita kiasi. Na kule penye vibonge vya kobalti, kuna maelfu ya wanyama wasiopewa bado jina, wengi wao wadogo kama kidole ao chini ya pale. Hawa njo wale kijana alikuwa anaota: viumbe vyenye hakuna mutu aliyeviona. Mashini inaweza kuwasaga mbele hata ya mutu kuwaona.

Tulirudi Kambove na jibu hiyo. Kijana alisoma yote, kisha akatuonyesha kipande cha jiwe jeusi mu mufuko wake, ile yenye wazee wa Gécamines wanaita CMN, calcaire à minerais noirs. «Na hii? Inatoka mu bahari?» Tukamujibu ndiyo. Kambove nzima inakaa juu ya mawe yaliyolala mu maji ya bahari isiyo na kina, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Mu mawe yale kuna matabaka ya mikunjo yaliyojengwa na viumbe vidogo visivyoonekana na jicho. Hakuna jino hata moja, juu samaki ya kwanza ilikuwa bado kuumbwa.

Akaligeuza jiwe mu mukono muda murefu. «Donc bahari ilikuwa hapa,» akasema. Mwalimu akamujibu: «Ilikuwa hapa, mwanangu. Na iliacha alama.»