Mfanyabiashara wa Mazishi Aliyeifundisha Simu Kujiunganisha

Sifa za simu humwendea Alexander Graham Bell, na si bure. Machi 10, 1876, mjini Boston, msaidizi wake Thomas Watson alimsikia kwa waya akimwita kutoka chumba kingine. Lakini simu mbili zenye waya mmoja hazina ugumu. Wafike watu 100, kila mmoja awe na waya wa kumfikia kila mwenzake, na zitahitajika nyaya 4,950. Wakiwa 1,000, nyaya zinakaribia nusu milioni. Nani atawaunganisha?

Mwanzoni aliunganisha binadamu. Januari 1878 kituo cha kwanza cha biashara kilifunguliwa New Haven, Connecticut, kikiwa na wateja 21. Nyaya zote ziliishia hapo, mbele ya opereta. Vijana wa kiume walioanza kazi hiyo walikuwa watundu na wenye midomo michafu, hivyo mwaka huohuo Boston ikamwajiri Emma Nutt, na kiti cha opereta kikawa cha wanawake.

Ndipo akaja Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa Kansas City. Inasimuliwa kwamba mke wa mshindani wake alikuwa opereta, na mfiwa akimwomba Strowger, anaunganishwa kwa mume. Pengine kisa kimetiwa chumvi. Hataza ya Strowger ya mwaka 1891 haikutiwa.

Alibuni mkono wa chuma unaopanda na kuzunguka. Mbele yake kuna safu 10, kila safu ina ncha 10 za nyaya. Tuseme unataka namba 74. Ukipiga 7, umeme unakatika mara saba, na kila ukikatika sumaku inaunyanyua mkono ngazi moja. Ukipiga 4, sumaku nyingine inauzungusha hatua nne, na hapo unagusa waya wa unayemtaka. Namba zikizidi 100, mkono wa kwanza unachagua kundi tu, kisha mwingine unaendelea. Aliyewahi kutumia simu ya mezani ya kuzungusha atakumbuka ule mlio wa kisahani kikirudi: ndio umeme uliokuwa ukikatika. Sifuri ilichelewa kuliko zote kwa sababu iliukata mara kumi.

Kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Uingereza ilizima chake cha mwisho mwaka 1995.

Simu ya mkononi ilileta tatizo jipya: mteja hatulii. Aprili 3, 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York na kumpigia mshindani wake Joel Engel wa Bell Labs, kwa simu yenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Wengi husifu kile kifaa. Mimi nasifu mitambo inayokupokeza kutoka mnara hadi mnara ukiwa ndani ya basi la Morogoro, na mazungumzo yasikatike. Hata usipopiga, simu huujulisha mtandao mara kwa mara mahali ilipo.

Na ukibonyeza *150*00# kutuma pesa, humpigii mtu, unaiagiza kompyuta. Nyota na reli hazikuwepo kwenye simu za kwanza za vibonyezo za mwaka 1963. Ziliongezwa mwaka 1968.