Una ugonjwa wa ini? Fanya simu iwe daftari lako

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Ndivyo ilivyo pia kwa afya, hasa ikiwa daktari amekwambia kwamba ini lako limeota makovu, ugonjwa uitwao sirosisi. Aghalabu huletwa na virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pombe kupita kiasi, au mafuta yanayojikusanya katika ini.

Huenda ukauliza, choo chahusika vipi na ini? Viini vilivyomo matumboni hutoa sumu iitwayo amonia. Ini lenye afya huiondoa katika damu. Lenye makovu hushindwa, na sumu hiyo hufika hadi kwenye ubongo. Mgonjwa huanza kusahau, hulala mchana na kukesha usiku, mikono hutikisika, na mwishowe huchanganyikiwa. Majirani hudhani amelewa au amerogwa, kumbe ni ini.

Kufunga choo huzidisha hatari hiyo. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa dawa tamu ya maji iitwayo laktulosi, ili waende haja kubwa, iliyo laini, mara 2 au 3 kwa siku. Ikipungua, sumu hubaki tumboni. Ikizidi sana, mwili hukaukiwa maji, na hilo pia laweza kumchanganya mgonjwa.

Lakini ni nani akumbukaye alikwenda msalani mara ngapi Jumanne iliyopita? Hapa ndipo simu yako inapofaa. Zipo programu za kuandikia mambo haya, na nyingine huonyesha picha za aina 7 za choo, kwa kufuata chati iliyochapishwa mwaka 1997 na watafiti wa Bristol, Uingereza.

Kila siku andika haya:

• Umekwenda haja kubwa mara ngapi, na ilikuwaje.

• Uzito wako asubuhi, kabla ya kula. Ukipanda kilo 2 kwa wiki moja, huenda maji yanajaa tumboni, mwone daktari.

• Dawa ulizomeza, na kama ulikula vyakula vya chumvi nyingi.

• Kichefuchefu, tumbo kujaa, au kukosa hamu ya chakula.

Mwaka 2017, watafiti wa Virginia, Marekani, walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 40 wa sirosisi waliotoka hospitalini. Wao na walezi wao walitumia programu ya simu kwa siku 30 kuandika dawa, chumvi na uzito, na hali ilipobadilika wahudumu walijulishwa. Watafiti walikadiria kwamba wagonjwa 8 waliepushwa kulazwa tena kwa sababu ya kuchanganyikiwa.

Angalia kwamba walezi nao walishirikishwa. Mtu anayeanza kuchanganyikiwa mara nyingi hajijui. Kwa hivyo mwonyeshe mkeo, mumeo au mwanao jinsi ya kuandika, na usione haya kuzungumzia choo. Hata hivyo, habari zako ni siri yako: ifunge simu kwa namba, na usikubali programu inayotaka kujua mengi kuliko inavyohitaji.

Kumbuka, simu haitibu. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukishikwa na homa pamoja na maumivu ya tumbo, au jamaa zako wakiona unasema yasiyoeleweka, usingoje kuandika lolote. Kimbilia hospitali mara moja. Wala usinunue ovyo dawa za maumivu kama ibuprofen. Zaweza kudhuru figo na kusababisha kuvuja damu tumboni.

Na ikiwa simu yako haiwezi kubeba programu, daftari la shule na kalamu vyatosha. Muhimu ni kwamba siku ya kliniki, daktari akikuuliza hali ya tumbo, usijibu "si mbaya", bali umwonyeshe hesabu.