Tangazo Zuri Huchagua Ukweli wa Kutanguliza

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, watafiti wawili wa Marekani, Irwin Levin na Gary Gaeth, waliwauliza watu maoni yao kuhusu nyama ya ng'ombe ya kusaga. Baadhi waliambiwa kwamba asilimia 75 ni nyama tupu. Wengine waliambiwa kwamba asilimia 25 ni mafuta. Hesabu ni moja, lakini kundi la kwanza liliisifia nyama hiyo zaidi. Kwa wale walioionja, tofauti hiyo ilipungua. Kizuri chajiuza, twaambiwa, na ni kweli, ila kikishaonjwa. Kabla ya hapo kinauzwa na maneno, na maneno hayo hupita kwenye akili yenye mazoea yake ya kuamua haraka. Mwandishi wa matangazo anapaswa kuyajua mazoea hayo.

Chukua fundi cherehani aliyebandika tangazo hili: "Tunashona sare za shule zenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu." Hajasema uongo, lakini hakuna kinachomsimamisha mzazi, maana kila fundi mtaani anasema hivyo hivyo.

Zoea la kwanza ni kuogopa hasara. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza kitu huzidi furaha ya kupata kitu cha thamani ile ile. Mzazi anahofia nini mwezi Desemba? Kwamba shule zitafunguliwa sare ikiwa bado kwa fundi. Basi tangazo lianzie hapo: "Mlete mtoto apimwe kabla ya Krismasi, siku ya kufungua shule aende na sare yake."

La pili ni kufuata wenzetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Noah Goldstein na wenzake waliweka kadi katika vyumba vya hoteli wakiwaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja. Kadi iliyosisitiza kutunza mazingira iliitikiwa na asilimia 35 hivi. Iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hufanya hivyo iliitikiwa na asilimia 44. Iliyotaja wageni waliolala katika chumba kile kile ilivuta wengi zaidi. Kwa hiyo "wateja wengi wanatuamini" ni maneno mepesi. "Wazazi wa shule ya msingi ya hapa mtaani hushona kwetu" yana uzito, kwa sababu msomaji anawaona majirani zake.

La tatu ni kung'ang'ania namba ya kwanza. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1974, Tversky na Kahneman walizungusha gurudumu la namba, kisha wakawataka watu wakadirie nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kadirio la kati la walioangukiwa na 10 lilikuwa asilimia 25. La walioangukiwa na 65 lilikuwa 45. Ndiyo maana bei ya zamani iliyokatwa mstari hufanya bei mpya ionekane ndogo.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Bei iliyokatwa iwe ni bei iliyowahi kutozwa kweli. Kumpotosha mteja kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012. Hata kama sheria zisingekuwepo, mzazi anayesoma tangazo la mwaka huu ndiye atakayesoma la mwakani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika "nafasi ni chache", fundi apige hesabu. Kama cherehani zake zinatoa sare 20 kwa siku, ahesabu siku zilizobaki, apate tarehe ya mwisho anayoweza kuitimiza, aitangaze waziwazi. Ikipita, asipokee oda nyingine, hata ya jirani.