Taa Zinawaka, Trekta Linagoma

Likizo ya Aprili ilinikuta kwa mjomba, Uasin Gishu. Mvua ya masika ilikwisha bisha hodi, na shamba la mahindi lilikuwa halijapigwa haro. Asubuhi moja trekta likagoma. Ukizungusha ufunguo lasema "ka!" halafu kimya. Fundi akaja, akatikisa kichwa: betri imekufa. Mjomba akachukua pesa za karo ya binamu yangu akanunua betri mpya. Siku mbili likanguruma vizuri. Siku ya tatu, "ka!"

"Lakini taa si zinawaka, kijana? Moto uko!" akaniambia.

Ndugu msomaji, hapo ndipo wengi hudanganyika. Kanuni ya Ohm tuliyofunzwa yasema volti ni mkondo mara ukinzani. Tuseme uchafu kwenye kiungo cha waya una ukinzani wa omu 0.01 tu. Taa za mbele hula kama ampea 10, kwa hivyo hupotea volti 0.1. Nani ataona? Stata nayo yaweza kutaka ampea 200. Zidisha: volti 2 kati ya 12 zimepotea njiani, na wati 400 zimegeuka joto pale pale kwenye kiungo. Ndiyo maana baada ya kujaribu kuwasha (gia iwe huru, jamani!) nilipapasa viungo kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa moto. Mwenye mita ya volti aweke ncha moja juu ya kichwa cha betri na nyingine kwenye kishikio cha waya huku mwenzake akiwasha. Ikipita nusu volti, kiungo hicho ni kibovu.

Tulifungua waya hasi kwanza, tukaurudisha mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa mwili wa trekta itatoa cheche, na betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ule unga wa kijani tuliuosha kwa maji ya magadi, yale yale ya kulainishia githeri, maana magadi huvunja nguvu za asidi. Vifuniko vya betri vibaki vimefungwa, magadi yasiingie ndani.

Ndani ya kishikio tukakuta msumari! Mtu aliuchomeka ili kisilegee. Msumari hugusa sehemu ndogo tu, mkondo utapita wapi? Tukautupa, tukapiga msasa hadi risasi ikang'aa, tukakaza nati, ndipo tukapaka grisi juu.

Bado likagoma. Basi nikafuata waya hasi hadi mwisho wake wa pili. Loo! Ulifungwa juu ya rangi. Trekta lilipopakwa rangi upya, hakuna aliyekumbuka kukwangua pale. Kuibadili betri kulitikisa waya tu, ukashika kwa siku mbili.

Tulikwangua, tukakaza. Likawaka mara moja, na haro ikapigwa hadi jioni. Betri ya zamani mjomba alikwisha iuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Binamu yangu alirudi shuleni wiki moja baada ya wenzake.