Nani Atende Nini? Mwito wa Utendaji katika Pendekezo la Biashara

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofuzu huwa ameandika insha, tasnifu na barua rasmi zisizo idadi, lakini ni nadra kuwa amewahi kuandika pendekezo la biashara. Pengo hili si dogo. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na mhitimu anayetaka kujitegemea anaweza kuiendea taasisi yoyote na kujitolea kuitafsiria nyaraka zake kwa malipo. Kazi hiyo haimfuati nyumbani. Sharti aiombe kwa maandishi, na ombi lake aghalabu hufia katika aya ya mwisho.

Makala haya yanaishughulikia aya hiyo, ambayo hapa tutaiita mwito wa utendaji. Hoja yetu ni kwamba udhaifu wake mara nyingi si wa kibiashara bali ni wa kisarufi: mwandishi huchagua muundo wa sentensi unaomficha yule anayetakiwa kutenda.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wahitimu watatu wameungana na kukiandikia chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai, wakipendekeza kuzitafsiri fomu zake za mikopo kutoka Kiingereza. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa ustadi. Zinaeleza jinsi mwanachama anavyotia sahihi masharti asiyoyaelewa, na jinsi mizozo kuhusu riba na dhamana inavyozuka baadaye. Kisha wanahitimisha hivi:

“Ni matumaini yetu kuwa pendekezo letu litapokelewa vyema na kufikiriwa ipasavyo. Tutashukuru sana kwa ushirikiano wenu.”

Nani atalipokea? Nani atalifikiria, na kufikia lini? Vitenzi vyote viwili vimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji amedondoshwa. Katika ripoti ya kisayansi udondoshaji huo ni desturi ya utanzu. Katika ombi ni hasara tupu. Meneja anapofika kwenye nukta ya mwisho, tayari amekwisha kutenda yote aliyoombwa: amelipokea na amelifikiria. Barua inaingia katika faili, na hakuna aliyekataa lolote. Mazoea haya yanatokana na barua rasmi za shuleni, ambako mwanafunzi hutuzwa alama kwa adabu ya hitimisho wala haulizwi kama mwandikiwa atajua la kufanya baada ya kusoma.

Isimu amali inaweza kutufaa hapa. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kuwa kusema ni kutenda. John Searle aliiendeleza nadharia hiyo mwaka 1969 kwa kubainisha masharti ambayo kila tendo la usemi hutegemea. Miongoni mwa masharti ya ombi ni kuwa anayeombwa awe na uwezo wa kulitenda jambo lenyewe. Sharti hili laonekana la wazi mno kiasi cha kutohitaji kutajwa, lakini ndilo linalokiukwa zaidi. Meneja wa chama cha akiba na mikopo hana mamlaka ya kuamua peke yake kila gharama. Yako mambo ambayo ni ya bodi ya wakurugenzi, na mengine ni ya mkutano mkuu wa wanachama. Kumwomba meneja atie sahihi mkataba mkubwa ni kumwomba asilonalo. Analoliweza ni kuliweka jambo katika ajenda ya kikao. Hilo ndilo aombwe.

Sasa tuitazame aya ileile ikiwa imeandikwa upya:

“Tunaiomba Bodi ya Wakurugenzi iidhinishe, katika kikao chake cha Septemba, tafsiri ya fomu moja: fomu ya mkopo wa dharura. Tutaifanya kwa Sh. 15,000 na kuikabidhi siku kumi baada ya idhini. Tunamwomba Meneja aliweke jambo hili katika ajenda ya kikao hicho na atujulishe kufikia tarehe 20 Agosti. Bei hii itadumu hadi tarehe 31 Oktoba.”

Vitenzi iidhinishe, aliweke na atujulishe vimo katika dhamira tegemezi. Kwa kawaida dhamira hii haisimami bila kiambishi awali cha nafsi au ngeli: i- inarejelea Bodi, a- inamrejelea Meneja. Sarufi yenyewe inamlazimisha mwandishi aamue ni nani anayeambiwa. Amri sahili, kwa mfano “Idhinisha!”, haina kiambishi hicho, na isitoshe ni kali mno kwa mtu ambaye hujapata hata kufahamiana naye. Ipo pia hatari ndogo ambayo wengi hawaitambui. Neno “tujulishe”, likisimama peke yake, laweza kuwa amri kwa msomaji atupe habari au pendekezo kuwa sisi tuwape wengine habari. Kiambishi kimoja tu, atujulishe au mtujulishe, huondoa utata huo.

Huenda msomaji akahofia kuwa ombi la wazi namna hii ni ukosefu wa heshima. Hofu hiyo ina msingi, kwani Brown na Levinson (1987), katika nadharia yao ya upole, wanaonyesha kuwa kila ombi hutishia uso wa anayeombwa. Lakini muundo wa “tunaomba” pamoja na dhamira tegemezi tayari una upole wa kutosha. Anayeandika “tungependa kuomba kama ingewezekana mngetufikiria” ameurundika upole juu ya upole hadi ombi limefukiwa. Kwa maoni yetu, mto mmoja watosha.

Tumependekeza fomu moja badala ya zote kwa sababu uamuzi mdogo hupita kwa urahisi katika kikao, na kazi iliyokwisha kukabidhiwa huitetea ile ijayo kuliko aya yoyote. Kuhusu tarehe, ziwe na sababu inayoweza kuthibitishwa. Ikiwa mkutano mkuu wa wanachama ni Novemba, sema kuwa idhini ya Septemba itawezesha fomu mpya kuonyeshwa wanachama siku hiyo. Makanga wa matatu ni bingwa wa mwito: hutaja mwisho wa safari, nauli na nafasi zilizobaki kwa pumzi moja. Ila abiria mzoefu anajua kuwa baadhi ya waliokaa ndani si wasafiri, na kwamba zile “nafasi mbili” zitauzwa mara kadhaa. Mwandishi anayebuni makataa ya uongo hupata sifa kama hiyo, na bodi haisahau haraka.

Ukomo wa bei nao una uzito wa kisheria. Sheria ya Mikataba ya Kenya (Sura ya 23) hufuata misingi ya sheria ya desturi ya Uingereza, ambapo toleo lililo dhahiri likikubaliwa, mkataba huweza kuzaliwa. Kwa hiyo usitaje bei usiyoweza kuitimiza, wala usiiache bila tarehe ya mwisho.

Zabuni za umma zina utaratibu wake. Humo fomu hutayarishwa na taasisi inayonunua, na nafasi ya mwito ni finyu. Wengi wamezoea kumalizia kwa ahadi ya kupiga simu wiki ifuatayo. Katika pendekezo kwa kampuni binafsi ahadi hiyo yafaa, tena huonyesha bidii. Katika zabuni ya umma yaweza kukuponza, kwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inamkataza mwombaji, baada ya makataa ya kuwasilisha zabuni, kufanya mawasiliano ambayo hayakuombwa na yanayoweza kuchukuliwa kuwa jaribio la kushawishi tathmini. Lolote unalotaka litendwe, liwe limo ndani ya bahasha kabla haijafungwa.